Kile Kitabu cha Mbuzi

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sijasoma kitabu cha hadithi hata kimoja, siku mwalimu mkuu aliponifanya msimamizi wa vitabu vya hadithi.

Tulikuwa Kisauni, upande wa Kengeleni, vita vimekwisha juzijuzi na nguo bado ni adimu madukani. Skuli yetu ilikuwa ya misheni: vyumba vinne vya mawe, kimoja cha makuti, na stoo ndogo ambayo mlango wake ulifungwa kwa kamba. Mwalimu mkuu alikuwa mzee mwembamba, shati limepigwa pasi hata Jumamosi. Siku moja alirudi kutoka mjini, amevuka daraja la Nyali kwa miguu, na nyuma yake mchukuzi amebeba sanduku la mbao, la kutilia madebe ya mafuta ya taa. Akalifungua mbele yangu kama mtu anayefungua zawadi aliyojinunulia mwenyewe.

"Hivi ni hadithi," akasema. "Si hadithi fupifupi. Kitabu kizima, hadithi moja. Watoto wa darasa la tatu na la nne watavichukua nyumbani. Lakini mtoto asipewe kitabu mpaka mzazi wake aelezwe ni kitabu gani na kinamfaa kwa nini. Sitaki mtu aje hapa na makelele."

"Mimi nitawaeleza nini, mwalimu?"

"Si wewe uliyesoma?"

Nilisoma, ndiyo. Nilisoma Biblia, kitabu cha sala, hesabu, na kitabu cha usafi wa mwili chenye picha ya nzi mkubwa kama kuku. Hadithi nilizozijua nilisimuliwa na bibi yangu mzaa mama, na zake zote zilikatika katikati kwa sababu alikuwa akisinzia kabla yetu. Kitabu cha kusoma kwa raha tu, bila mtihani mwishoni, sikuwahi kupewa na mtu yeyote. Ilinipasa nikiri hapo hapo. Lakini nilikuwa mwalimu mwanamke peke yangu pale, nimeajiriwa mwaka uleule, na kukiri kulinishinda. Nikasema, "Vyema, mwalimu."

Nilikusudia kuvisoma, Mungu ni shahidi. Lakini madaftari ya watoto hamsini yalikuwa yakiningoja, na wazazi walianza kuuliza mapema kuliko nilivyotarajia, kwa hiyo nikaanza na majalada. Kitabu chenye picha ya mwavuli nilimwambia mkulima mmoja kuwa kinahusu majira ya mvua. Chenye picha ya mamba nikasema kinawaonya watoto wasicheze mtoni. Haraka sana niligundua neno ambalo lilifungua kila mlango. Neno lenyewe ni mafunzo. Mzazi akiuliza lolote, nilijibu, "Kina mafunzo, mama," au, "Kina mafunzo mengi, baba," na uso wake ukalainika, akamruhusu mtoto. Mmoja tu alinitoa jasho. Alikuwa katekista, baba wa watoto saba, naye alitaka kujua kama watu wote waliomo kitabuni wamebatizwa. Nilimwambia kwamba wengi wao wako katika mafundisho ya ubatizo. Akaridhika.

Sasa, katika darasa la tatu palikuwa na binti mdogo, mwenye pengo la jino la mbele, ambaye maswali yake yalitokea pale pale penye pengo na filimbi juu yake. Neno langu halikumtosha.

"Mafunzo gani, Bibi Mwalimu?"

"Utayaona ukisoma."

"Wewe uliyaona?"

"Chagua kitabu, wenzako wangoja."

Akachagua chenye picha ya mbuzi. Beberu mweupe, amegeuza kichwa na kutazama kwa pembe ya jicho, kama mtu aliyesikia habari zako kwa jirani. Mchana ule nikafunga safari kwenda kwa mama yake.

Mama huyu alikuwa akipika mahamri na mbaazi za kuuza asubuhi kwa watu waendao kazini. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya minazi, ukishuka kuelekea mkono wa bahari. Nilimkuta uani, leso mbili zimefungwa sawasawa, amekaa kitako anakuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, mwalimu. Mtoto amefanya nini?"

"Hakufanya kitu. Nimekuja kwa habari ya kitabu atakachosoma."

"Kitabu cha nini?"

"Cha mbuzi."

Mama akasita. Akaitazama mbuzi aliyoikalia, ile ya kukunia nazi, akatazama na kifuu mkononi mwake, na uso wake wote ukafunguka.

"Cha mbuzi! Ehee! Sasa hapo skuli mmefanya la maana. Mtoto wangu huyu nazi haijui kabisa, mwalimu. Akikuna, nazi yabaki kifuuni na damu yatoka vidoleni. Nami nilidhani hayo ni ya kufundishwa nyumbani tu! Kimeeleza vizuri?"

Nilielewa kosa papo hapo. Nilifungua mdomo kabisa ili nilisahihishe. Lakini jua lilikuwa kali, nilikuwa na nyumba tatu mbele yangu, na mama alikuwa amefurahi mno.

"Kina mafunzo, mama," nikasema.

Ikapita wiki, ikapita ya pili. Pasaka ilikuwa inakaribia. Baba wa yule binti, kuli wa bandarini Kilindini, mtu wa maneno machache na mabega mapana, alikuwa amenunua mbuzi wa sikukuu na kumfunga nyuma ya nyumba. Habari hizi mimi sikuzijua. Nilizijua Jumatatu asubuhi, nilipokwenda stoo kuchukua chaki na kuikuta ile kamba ya mlango imefungwa fundo la kitoto.

Nikafungua. Mbuzi alikuwa amesimama katikati ya stoo, anatafuna.

Hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka. Alikuwa beberu, wa madoa, na mdomoni mwake karatasi ilikuwa ikiingia polepole. Ramani ya Afrika ilikuwa imening'inia ukutani upande wa mashariki. Sasa haikuwa na bahari. Ameila Bahari ya Hindi yote, kuanzia Pwani yetu mpaka pambizoni, akakiacha kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, kwa sababu, nadhani, alikuwa bado hajakifikia. Sanduku la vitabu lilikuwa wazi. Cha juu kabisa kilikuwa kile cha mbuzi, ambacho binti alikirudisha Ijumaa. Jalada limeraruliwa, na kurasa za mwisho hazipo.

Nilipiga kelele, nakiri. Watoto wakaja mbio, na nyuma yao mwalimu mkuu.

"Mbuzi wa nani huyu?"

Watoto wakamgeukia mmoja wao. Kisha sauti yenye filimbi: "Wa baba."

"Amefikaje hapa?"

"Nimemleta mimi, jana, tulipotoka kanisani."

"Kwa nini?"

Binti hakulia. Alijibu kama anayejibu swali la hesabu. "Kitabuni, yule mtoto alimfungulia mbuzi wa karamu akamficha barazani kwa hakimu. Mbuzi akiwa mahali pa heshima hachinjwi. Mimi sijui nyumbani kwa hakimu. Nikaona skuli ni mahali pa heshima."

Mwalimu mkuu akaitazama ramani. Akamtazama mbuzi. Kisha akanigeukia mimi.

"Mzazi wake ulimweleza kitabu hiki kinamfaa kwa nini?"

Sikuwahi kujibu, kwa sababu sauti ya mama ilikuwa imekwisha ingia uwanjani kabla yake. Alikuja na unga mpaka kwenye viwiko, jibu la bintiye amelisikia tangu uwanjani, amefuata njia ambayo mbuzi mwenyewe alikuwa ameiwekea alama, vidonge vyeusi toka nyumbani mpaka mlangoni kwa skuli.

"Mwalimu! Wewe si ulinambia ni kitabu cha kukunia nazi?"

Mwalimu mkuu akarudia polepole, "Kukunia nazi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Watoto darasa zima walikuwa wananitazama, na mbuzi pia. Basi nikasema kweli. "Sijakisoma, mwalimu. Sijasoma hata kimoja. Nimekuwa nikitazama picha za juu."

Hapakuwa na aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilimngoja mwalimu mkuu anifukuze kazi mbele ya darasa la tatu. Badala yake akakiokota kitabu, akapangusa mate ya mbuzi kwa leso yake ya mfukoni, akanipa.

"Leo baada ya masomo utakwenda kwa mama huyu umsomee kitabu hiki tangu mwanzo. Ataamua yeye kama kinamfaa mtoto au hakimfai."

"Mimi sina nafasi ya kusomewa," mama akasema. "Nina unga wa kukanda."

"Atakusomea ukikanda."

"Na mwisho umeliwa, mwalimu," nikasema kwa sauti ndogo.

"Msomee uliobaki."

Nilifika saa kumi. Mbuzi alikuwa amefungwa mahali pake, kwa kamba mbili. Mama alinionyesha mkeka bila kunikaribisha, akaanza kukanda kama anayempiga mtu.

"Soma. Tuone."

Nikasoma. Kurasa mbili za kwanza nilizisoma mbiombio. Hadithi yenyewe ilikuwa ya beberu aliyenunuliwa kwa karamu ya arusi, mtoto wa nyumba akamwachia mlango wazi, na beberu akaanza kupita nyumba kwa nyumba akila asivyopaswa kula. Alikula kofia ya mwenye duka. Alikula nusu ya godoro la mpiga ngoma. Nikasikia kishindo cha unga kinapungua kasi. Kisha beberu akaingia kwa baba wa bibi arusi akala barua ya posa.

Mama akaacha kukanda.

"Barua ya posa?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

"Yote, na bahasha."

Akajitahidi. Niliona mashavu yakijitahidi. Kisha kicheko kikamtoka, akaegemea ukuta, akajipaka unga usoni kwa kujifuta machozi. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na pia kwa sababu sikujua kwamba kitabu kinaweza kufanya hivyo. Ndipo nilipoona jinsi nilivyokuwa mjinga. Nilikuwa nikiwagawia watu vitu vitamu na kuwaambia ni dawa.

Jirani yao, bibi mzee wa Kiislamu aliyekaa nyumba ya pili, alikuja kuomba kaa la moto. Akasimama mlangoni na kaa lake juu ya kigae. Nilipofika mahali bwana arusi anapoapa kwamba ile barua iliandikwa mambo ambayo haikuandikwa, bibi akakaa. Kaa likazima. Akaomba jingine, nalo likazima.

"Wallahi, huyo bwana arusi ni mwongo," akasema. "Hamumwoni? Yuataka shamba la mkwewe. Mbuzi amemwokoa mwana wa watu."

"Mbuzi ana hila gani, bibi?" mama akabisha. "Mbuzi alikuwa na njaa."

"Mola humtumia hata mwenye njaa. Soma, mwanangu."

Baba alirudi kutoka bandarini tukiwa katika mabishano hayo. Alisalimu, akakaa kizingitini kuvua viatu, ametugeuzia mgongo. Kuvua viatu kukachukua sura nzima. Sura iliyofuata nilipopunguza sauti kidogo, mgongo ukasema, "Rudia hapo, mwalimu. Sikusikia."

Basi tukafika barazani kwa hakimu, mahali mtoto alipomficha beberu. Wamekusanyika wote: bwana arusi, mwenye duka bila kofia, mpiga ngoma, mtoto, na beberu katikati. Nikasoma, "Hakimu akasimama, akamtazama mbuzi kwa muda mrefu, akasema..."

Nikanyamaza.

"Akasema?" mama akauliza.

Nikawaonyesha ukurasa. Palikuwa na alama za meno tu.

Sijapata kuona watu wazima wakihuzunika namna ile kwa sababu ya karatasi. Bibi alipiga kofi paja lake. Baba aligeuka mzima mzima. Mama alimtazama mbuzi kule nyuma kwa jicho ambalo lilinitia hofu kwa maisha yake. Kisha, mmoja baada ya mwingine, tukakumbuka kwamba nyumbani mle mlikuwa na mtu aliyekwisha kukisoma chote.

"Mwanangu," mama akaita kwa sauti laini ambayo sikujua kuwa anayo.

"Abee, mama." Alikuwa nyuma ya mlango muda wote.

"Hakimu alisemaje?"

Binti akajitokeza, akasimama mikono nyuma. "Nitasema. Lakini mbuzi asichinjwe."

"Ala! Mtoto huyu! Wamsikia?"

"Namsikia," baba akasema. Akajikuna kidevu. "Na Pasaka tule nini?"

"Kuku," binti akasema.

"Kuku." Baba alilitamka neno kama jina la ndugu aliyemkosea. Kutoka nyuma ya nyumba mbuzi akalia kwa wakati mbaya kabisa, na sote tukageuza vichwa.

Bibi jirani ndiye aliyetoa hukumu. "Hebu mpeni mtoto haki yake, sisi tujue hakimu kasema nini. Mie sitalala leo. Kuku mmoja nitatoa mimi, yule mwekundu, mnono. Sikukuu ni yenu lakini kuku ni wangu, na hakuna wa kunikataza."

Baba akacheka. Mama aliniambia baadaye kwamba tangu vita vianze alikuwa hajamsikia akicheka kwa sauti. "Sema, mama yangu," akamwambia bintiye.

Akasema. Alisimama katikati ya ua, akawa hakimu, akawa bwana arusi, akawa mwenye duka anayedai kofia yake. Hakimu aliamua kwamba shahidi pekee aliyeisoma barua kwa makini, neno kwa neno, ni mbuzi; na kwa kuwa mashahidi hawachinjwi kabla kesi haijaisha, kesi hii haitaisha kamwe. Tulishangilia. Mpaka leo sijui kama ndivyo kitabu kilivyomalizika. Sikupata nakala nyingine, na niliona kwamba hakimu yule, alipokuwa akitoa hukumu, alinyoosha shati lake kama mwalimu mkuu wetu.

Mama alinisindikiza mpaka minazini.

"Kinamfaa," akasema. "Ila ungenambia kweli, mwalimu. Kwamba chachekesha."

"Niliogopa utakikataa."

"Ningekikataa," akakubali. "Kisha ningekosa."

Mwalimu mkuu hakunifukuza. Aliibandika ramani kipande cha karatasi palipoliwa, akakitia rangi ya samawati kwa wino wake mwenyewe, akaniambia vitabu vyote nivisome kabla ya kumpa mtoto mwingine hata kimoja. Nilivisoma kwa miezi miwili, vingine nikitembea. Kile cha mwavuli hakikuwa na mvua hata tone. Kilikuwa cha wezi. Cha mamba kilinitoa machozi. Kimoja kilikuwa na mafunzo mengi mno hata watu waliomo hawakupata nafasi ya kufanya jambo lolote, nami nikakiweka chini kabisa ya sanduku. Katekista nilimwendea nikamwambia wazi kwamba katika kile alichochukua mwanawe hakuna hata mmoja aliyebatizwa, na mpishi ni mchawi. Akasema mwanawe amekwisha fika mahali mpishi anakamatwa, na wao nyumbani wangependa kumaliza.

Tangu hapo niliwaambia wazazi nilichokijua. Hiki kinatisha kidogo, usimpe aliye mwoga. Hiki kinachelewa kuanza, mvumilie mpaka sura ya tatu. Hiki hakina faida ninayoijua, lakini mimi nilikisoma mara mbili. Na ajabu, vitabu vilitoka zaidi kuliko siku za mafunzo.

Lakini aliyevitoa zaidi hakuwa mimi. Alikuwa mama wa mahamri, ambaye hakujua herufi. Binti alimsomea kimoja baada ya kimoja akikanda, na asubuhi, watu wakipanga foleni na vibakuli vyao, yeye aliwagawia mbaazi na ushauri. Wazazi walinijia na amri tayari: "Mama wa mahamri amesema wangu apewe cha wezi." Siku nyingine alikuwa akiwauliza watoto wao maswali makali kuliko yangu, ajue kama wamesoma kweli.

Hatukukubaliana daima. Palikuwa na kitabu kimoja chenye picha ya taa, cha dada wawili wanaogombana na kupatana, nami nilikipenda sana. Yeye alikidharau. Nilipita asubuhi moja kununua mahamri nikasikia anamwambia mzazi asikichukue.

"Mama, kwa nini wamkataza?"

"Dada wale walia bure, mwalimu. Wangezungumza siku ya kwanza, kitabu kingekwisha ukurasa wa pili."

"Watu wangapi huzungumza siku ya kwanza?"

"Mimi huzungumza."

"Wewe huzungumza. Je, dada yako?"

Akaweka upawa chini. Foleni ilikuwa ndefu, na kuli mmoja wa nyuma akauliza kama leo kuna mbaazi au kuna baraza. Mama hakumsikia. Alikuwa amenikazia macho, mkono kiunoni.

"Kaa hapo," akaniambia, akanisukumia kigoda kwa mguu. "Nieleze vizuri. Huyo dada mkubwa alikuwa na haki gani?"